Kabla hujanunua jodari wa jioni, soma hii ya histamini

Aisee kama unapanga jodari wikiendi hii nisikilize kwanza, maana mi nilishaingia chaka. Nilikuta vipande jioni bei ya kutupa, vimeshinda juani tangu asubuhi bila barafu, nikavikamulia ndimu, nikakaanga mpaka vikakauka kabisa, nusu saa baadaye uso unawaka kama nimeinamia jiko, moyo mbio, kichwa kinagonga na kifuani vipele. Nikasema basi tena, nina aleji ya samaki. Kumbe mdogo wangu tuliyekula naye yuko hivyo hivyo, na hapo ndo nesi alipouliza mlikula nini, maana ni nadra aleji kuwashika watu wawili kwa mpigo.

Ilikuwa histamini, na hiyo ni amini. Amini ni ukoo mzima wa kemikali uliotokana na amonia, yaani unachukua amonia yenye naitrojeni moja na hidrojeni tatu, unatoa hidrojeni moja au zaidi unapachika kaboni, tayari. Adrenalini, dopamini, serotonini, zote ndugu. Hata histamini mwili unaitengeneza wenyewe, ndo inayokuwashisha ukiumwa na mbu, shida inakuja ukiila nyingi kwa mkupuo.

Sasa kitu cha kwanza kabla hujatoka nyumbani, usiiamini pua yako. Ile shombo ya samaki wa bahari aliyelala ni amini nyingine, trimethilamini, na ndimu inaimaliza kweli kwa sababu asidi inaigeuza kuwa chumvi na chumvi hairuki hewani ikufikie puani. Ndo maana tunanawa na ndimu. Ila histamini haikupi harufu ya kukushtua, kwa hiyo samaki anaweza kunukia vizuri tu na amejaa, na ukimkamulia ndimu umeondoa shombo tu, histamini iko palepale. Moto nao hauisaidii, ukaange, uchome, uweke kwenye kopo, haivunjiki.

Inatoka wapi? Jodari, vibua, nguru na dagaa wa bahari wana histidini nyingi kwenye nyama, yaani moja ya asidi amino zinazojenga protini. Samaki akishakufa na joto letu hili, bakteria wa kwenye matamvua na matumbo wanaingia kazini, wanaing'oa kaboni dioksidi kwenye histidini, inabaki histamini. Na ile enzaimu yao, yaani protini wanayofanyia kazi hiyo, ikishatoka inaendelea polepole hata kwenye friji, kwa hiyo kumtia baridi samaki aliyeshinda juani ni kuchelewa. Changu hana sana kesi hii. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni histamini miligramu 200 kwa kilo, lakini mezani kwa muuzaji utaipimaje?

Kwa hiyo nenda asubuhi, beba deli au hata ndoo ya mfuniko yenye barafu, na nunua samaki mwenye kichwa umfunue matamvua uone wekundu. Kipande hakina matamvua, unakagua nini sasa? Muulize muuzaji samaki alilala wapi, akianza kucheka cheka pita. Ukifika toa matumbo na matamvua haraka, osha, rudisha kwenye barafu, usimwache kwenye sinki unajibu meseji.

Kabla hujapakua, hili watu hawalijui kabisa: uliza kama kuna anayetumia isoniazidi, dawa ya TB, iwe ya kutibu au ya kinga. Ile dawa inaizuia enzaimu ya utumbo inayovunja histamini, kwa hiyo kiasi ambacho wewe hukihisi mwenzako kinamlaza. Mpikie changu.

Tonge la kwanza likikuwasha ulimi kama lina pilipili na hukutia pilipili, tema, ingawa sio kila mara utaonja hivyo. Ulizia famasi mapema dawa ya kuzuia histamini kama setirizini ikae kabatini, ila ukiona pumzi inabana au midomo inavimba hiyo ni hospitali moja kwa moja, na kile kipande kilichobaki weka frizani, wanaweza kukitaka wakipime.

Kiporo nacho kiingie kwenye friji kabla hujalala, kikilala mezani bakteria wapya wa mikononi mwenu wanaanza kazi ile ile upya.