SOMO: Kulisha matumbawe ya tangini mayai ya samaki, artemia (vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) na vyakula vingine visivyo vya kopo

Naliandika mara moja, ili atakayeniuliza tena kama matumbawe hula nimtumie hapa. Ndiyo, matumbawe hula. Mwani unaoishi ndani ya miili yake huyapa sukari kwa nguvu ya mwanga, ila yanahitaji pia nitrojeni na fosforasi, na mawindo huyapatia vyote viwili. Tubastraea, aina mojawapo ya matumbawe, haina mwani huo kabisa. Usipoilisha itakufa njaa hata chini ya taa kali kiasi gani.

1. Chagua ukubwa wa chakula kulingana na mdomo wa tumbawe. Yenye midomo mikubwa, kama Euphyllia na Tubastraea: vipande vya kamba au ngisi, mayai ya samaki. Yenye midomo midogo, kama Acropora: artemia walioanguliwa leo, rotifa (vidudu vidogo mno vya majini), mayai ya chaza.

2. Kibichi, bila chumvi wala viungo. Mayai ya samaki ya kwenye kichupa, yenye rangi na sukari, kula mwenyewe.

3. OSHA. Matangi mengi huharibikia hapa. Kamba na ngisi wa friza wakiyeyuka hutoa majimaji yenye fosfeti, na ukiyamwaga pamoja na nyama umelisha mwani wa kwenye kioo. Ukisaga kwa blenda ndiyo balaa zaidi. Tumia kichujio cha matundu madogo sana, pitisha maji ya chumvi mpaka yanayotoka chini yawe maangavu, na hayo yaende kwenye sinki, SI tangini. Mayai ya samaki yamo ndani ya utando: upasue, uondoe wote pamoja na damu, kisha uoshe. Kipande kikibaki hunasa nyuma ya mwamba na kuozea usipopaona. Artemia nao wana lao: maji ya kuangulia hayaingii tangini, wala maganda. Zima hewa ya chombo cha kuangulia, subiri dakika 10, mulika tochi chini ya chombo. Maganda matupu huelea, wenyewe hufuata mwanga. Wavute kwa mrija, wachuje, waoshe.

4. Zima pampu ya kurudisha maji na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu).

5. Lisha taa zikishazimwa, tentakli (vijimkono laini vya kunasia chakula) zikiwa nje, kwa bomba la sindano, polepole. Ukirusha kwa nguvu polipu (kila kijimdomo hai cha tumbawe) hujikunja.

6. Baada ya dakika 20 hadi 30 vuta mabaki, washa kila kitu.

Mara mbili kwa wiki yatosha, Tubastraea zaidi. Pima fosfeti na nitrati za maji, usikisie.

MASWALI

PolipuNjaa: Mkuu, kiini cha yai la kuku je?
Mwandishi: Utakioshaje? Hapana.

PolipuNjaa: Na cha kuchemsha?
Mwandishi: Hapana.

Chumvi35: Nimelisha kamba wa kusaga jana, leo maji meupe kama maziwa. Chakula chako kibaya.
Mwandishi: Uliosha?
Chumvi35: Kidogo.
Mwandishi: Basi usinisingizie. Weupe huo ni bakteria, na wanamaliza oksijeni. Ongeza hewa sasa hivi, badilisha sehemu ya maji, acha kulisha kwa siku kadhaa.

BintiMwamba: Samahani, artemia wakikaa siku mbili bado wana lishe?
Mwandishi: Swali zuri, dada. Wakianguliwa huwa bado wana kiini chao, na hicho ndicho unachokitaka. Saa za mwanzo hawali kitu, wanatumia akiba hiyo. Wakijivua gamba mara ya kwanza ndipo huanza kula, kwa hiyo ama uwatumie mapema, ama uwape mwani mdogo wa majini ili wabebe lishe yake. Ukitaka kuwahifadhi hadi kesho, waweke kwenye friji: baridi huchelewesha kuisha kwa akiba. Wakikaa na njaa katika joto, unalisha maganda yanayoogelea.

BintiMwamba: Asante. Kwangu kamba msafishaji anayeishi tangini huvinyang'anya vyakula vyote mdomoni mwa tumbawe.
Kombe_Bluu: Kata chupa ya plastiki, funika tumbawe kwa nusu ya juu, ingiza bomba kwenye shingo ya chupa. Iache hadi limeze.
Mwandishi: Hii naichukua. Mlishe kwanza huyo kamba upande wa pili wa tangi, atakuwa na shughuli.
PolipuNjaa: Na mkate?