Jinsi ya kuchanja makao ya wazee wakati wa mlipuko

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchanja watu wasioweza kupanga foleni: wazee wanaoishi kwenye makao ya kulelewa. Namwandikia mwenzangu atakayekabidhiwa kazi hii mlipuko mwingine wa ugonjwa ukizuka. Nitaanza na jambo ambalo mipango mingi huliweka mwisho.

Anza na wahudumu. Mzee asiyetoka kitandani haufuati ugonjwa, analetewa. Februari 2020, UVIKO-19 ilipoingia kwenye makao ya wazee ya Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya wahudumu walikuwa wakienda kazini na dalili, na wengine walifanya kazi kwenye zaidi ya kituo kimoja. Kwa hiyo kabla hujaagiza hata dozi moja, muulize msimamizi maswali mawili. Mhudumu akiugua na kubaki nyumbani, analipwa? Na ni wangapi wanaofanya kazi pengine pia? Mwaka huohuo jimbo la British Columbia, Kanada, liliwataka wahudumu wabaki kituo kimoja, likasawazisha na mishahara ili wasipate hasara. Ukiwafungia watu kibarua cha pili bila kuwafidia, wataficha, na wakificha hutajua maambukizi yametokea wapi.

Kisha kaa nao, na zamu ya usiku usiiruke. Usiwaite ukumbini kuwahutubia. Wafuate jikoni, chumba cha kufulia, pale wanapopumzikia, uulize wamesikia nini kuhusu chanjo, halafu unyamaze. Mara nyingi hofu ya kweli haitoki mwanzoni. Dada mmoja aliniuliza kuhusu homa, kuhusu maumivu ya mkono, kuhusu kiwanda kilichotengeneza chanjo. Tulipobaki wawili tukikunja mashuka ndipo akasema anatafuta mtoto na anaogopa. Nilimweleza polepole, nikamwambia aende akafikirie. Alirudi mwenyewe.

Siungi mkono kulazimisha. England iliweka sharti la chanjo kwa wafanyakazi wa makao ya wazee kuanzia tarehe 11 Novemba 2021, kisha ikalifuta Machi 2022, na katikati wahudumu wengi walikuwa wameshaondoka kwenye kazi ambayo tayari ilikosa watu. Mzee anayehitaji kugeuzwa kitandani hapati nafuu kwa kupotelewa na mtu anayemgeuza.

Ridhaa ianze wiki kadhaa kabla. Fungua jalada la kila mkazi na uandike nani mwenye kauli. Mwenye akili timamu huulizwa yeye, hata kama mwanawe ndiye anayelipa ada. Nimeona ndugu wakijibu huku mzee mwenyewe ameketi hapohapo anasikia, nami hugeuka nikamuuliza yeye. Aliyepoteza kumbukumbu, mtafute mlezi anayetambulika kisheria, na ukiongea naye kwa simu andika tarehe, saa na jina la aliyeshuhudia. Familia zinazositasita zipewe daktari wa kuzungumza naye, si karatasi. Hong Kong ilipopigwa na wimbi la mapema 2022, wengi wa wenye umri wa zaidi ya miaka 80 walikuwa bado hawajachanjwa, wengine kwa kuamini kwamba udhaifu wa mzee ni sababu ya kuahirisha. Waliokufa walikuwa zaidi ni hao. Udhaifu kwa kawaida ndiyo sababu ya kuharakisha. Isipokuwa mgonjwa aliye siku zake za mwisho: Januari 2021 mamlaka za Norway ziliwashauri madaktari wapime faida na hasara kwa kila mzee dhaifu kupindukia, nami nakubaliana nao.

Sasa hesabu ya vichupa. Chukua chanjo ya Pfizer ya mwanzo, ile ya kifuniko cha zambarau: kichupa kimoja kilitoa dozi 6, na kikishachanganywa kilipaswa kuisha ndani ya saa 6. Wakazi 40 na wahudumu 25 ni watu 65, yaani vichupa 11 na dozi moja ya ziada. Hiyo moja iwe na jina tayari, la mpishi wa zamu nyingine au ndugu anayekuja kila siku. Fungua kichupa watu 6 wanaofuata wakiwa tayari, si kabla. Uliza pia mapema kama mzigo unaweza kugawanywa. Uingereza iliwapa wakazi wa makao ya wazee kipaumbele cha kwanza Desemba 2020, lakini kila sanduku lilikuja na dozi 975, na makao mengi yakasubiri kwanza utaratibu wa kuzigawa kwa usalama. West Virginia ilitumia maduka ya dawa ya karibu ambayo tayari yalihudumia makao hayo, ikamaliza dozi ya kwanza mapema kuliko majimbo mengi ya Marekani.

Siku yenyewe, nenda kitandani kwa kila mtu. Mzee asiyesikia vizuri alizoea kusoma midomo, na barakoa imeificha. Beba karatasi yenye maandishi makubwa: CHANJO, MKONO WA KUSHOTO, SAWA? Vua sweta taratibu, usikunje mkono wa nguo ukabana damu. Kwa mkono uliokonda, kusanya msuli kidogo kwa vidole ili sindano isigonge mfupa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, bonyeza palipochomwa dakika 2 bila kusugua. Mwangalie kila mtu dakika 15. Aliyewahi kupata mzio mkali, 30. Adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iwe mfukoni mwa mtu anayejua kuitumia, si ofisini.

Usiku unaofuata, waachie zamu maagizo yaliyoandikwa. Homa ndogo na uchovu hutarajiwa. Mzee akichanganyikiwa ghafla au akipumua kwa shida, apimwe oksijeni na apimwe virusi. Asiachwe eti ni chanjo.

Kubaliana na msimamizi, kwa maandishi, lini ndugu wataruhusiwa kuingia. Marufuku ya wageni ya 2020 iliwaacha wengi wakifa bila mkono wa mtu wao, na kila mkazi anapaswa kuwa na angalau ndugu mmoja anayehesabika kama mhudumu: anachanjwa, anapimwa, anavaa barakoa, anaingia.

Mwisho, chagua muuguzi mmoja wa kituo atunze daftari. Mkazi mpya na mhudumu mpya waulizwe kuhusu chanjo wiki ya kwanza, na tarehe ya dozi ya nyongeza iandikwe siku ileile ya dozi iliyotangulia. Anayetoka hospitali apimwe kabla hajapokelewa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba sera ya kuwarudisha wagonjwa makaoni bila kuzingatia hatari ya wasio na dalili ilikuwa kinyume cha sheria. Hospitali ikikupigia simu kwamba gari liko njiani, omba majibu ya kipimo kwanza, na uwe na chumba cha peke yake kilichoandaliwa.