Jinsi ya kuhudhuria kurekodiwa kwa kipindi cha televisheni Burbank

Burbank, California, ndiko ziliko studio za Warner Bros. na makao makuu ya Disney. Tiketi za kukaa kwenye hadhira ya vipindi vinavyorekodiwa eneo hilo kwa kawaida hutolewa bure mtandaoni. Anayekuuzia, mkwepe.

Linalowaangusha wengi ni kudhani tiketi ndiyo kiti. Hutolewa nyingi kuliko viti ili ukumbi usibaki na mapengo, kwa hiyo anayechelewa kwenye foleni anaweza kurudishwa hata kama jina lake limo. Fika mapema kuliko saa uliyopangiwa, ukiwa na kitambulisho chenye picha, pasipoti inatosha. Angalia pia umri wa chini unaoruhusiwa, kwani vipindi vingi havipokei watoto.

Komedi ya kamera nyingi, yaani inayorekodiwa na kamera kadhaa kwa pamoja mbele ya hadhira, huweza kuchukua saa 3 hadi 5, maana onyesho lilelile hurudiwa mara kadhaa, nawe unatakiwa ucheke tena. Kula kabla. Beba sweta: taa hutoa joto kali, hivyo ukumbi hupoozwa sana. Epuka nguo nyeupe tupu na zenye nembo kubwa. Simu huzimwa au hukusanywa mlangoni. Ukikutwa unarekodi, utatolewa nje.