Maji taka na taka za meli ukiingia Arctic: fanya haya kabla hujafungua valvu

Wadau mnaopanda meli za Svalbard (visiwa vya Norway) na Greenland, kule ncha ya kaskazini, hasa wa mitambo na jikoni, hii ni yenu. Toka 1 Januari 2017 kuna Polar Code, yaani kanuni za meli za bahari za ncha za dunia, na masharti yake ya uchafuzi ni lazima kupitia MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, sio hiari ya kapteni.

Hatua ya 1: mafuta. Mstari wa kuingilia kwa sehemu kubwa ni latitudo 60 kaskazini, ila karibu na Iceland na Norway unapinda kwenda juu, so waulize brijini (chumba cha kuongozea meli) mnavuka saa ngapi. Kabla ya hapo mwaga bilji (maji machafu ya chini ya meli) na slaji (tope la mafuta) kwenye mapokezi ya taka bandarini, maana ukishaingia hakitoki kitu chenye mafuta, hata ile 15 ppm (sehemu 15 za mafuta kwa milioni) mliyozoea kwingine haipo. Valvu ya nje funga, piga sili. Na Svalbard mafuta mazito yamepigwa marufuku toka 1 Januari 2022.

Hatua ya 2: maji ya choo, na hapa ndo wengi wanachanganya. Yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yanataka zaidi ya maili 3 za baharini toka nchi kavu na toka barafu iliyoshikamana na pwani, mabichi zaidi ya 12, na kote kaa mbali uwezavyo na sehemu ambayo barafu imefunika zaidi ya moja ya kumi ya maji. Barafu inatembea jamani, ya asubuhi sio ya jioni, kwa hiyo kila ukitaka kuwasha pampu piga simu brijini kwanza. Meli ya abiria iliyojengwa kuanzia 2017 haina ruhusa hiyo, yake lazima yapite kwenye mtambo wa kusafisha.

Mtambo wenyewe unaishi kwa bakteria, na baridi inawalegeza, so tunza joto la chumba na waambie wasafisha vyumba waache kumwaga jiki chooni. Ukisikia harufu ya mayai viza ujue hewa haiwafikii, na gesi hiyo inaua, toka nje haraka, usirudi bila kipimo cha gesi.

Hatua ya 3: mabaki ya chakula. Yasagwe yapite tundu la milimita 25, umbali maili 12 za baharini toka nchi kavu na barafu iliyoshikamana na pwani, kamwe usimwage juu ya barafu. Chambua kwa mkono stika za matunda na vipakiti vya siagi, plastiki haiendi baharini popote pale.

Hatua ya 4: andika papo hapo saa, mahali meli ilipo, kiasi na umbali toka kwenye barafu, halafu saini.