Mambo ya kuzingatia kabla ya kuvuka Kasumbalesa na franga mfukoni

Kila mtu wa Lubumbashi anayejiandaa kwenda Zambia mara ya kwanza kupitia mpaka wa Kasumbalesa, awe anafuata bunga ya ugali Chililabombwe ao vipuri vya gari Kitwe, swali lake la kwanza ni lile lile: kwacha moja ya Zambia ni franga ngapi za Congo? Mimi huwa najibu kwa kuuliza, dola leo iko bei gani hapa na iko bei gani kule? Juu franga yetu na kwacha yao ni majirani wasiosalimiana, salamu yote inapitia kwa dola. Usiposhika hilo utavuka mpaka umeshaliwa na hutajua umeliwa wapi.

Basi kabla ya kutoka nyumbani fanya hesabu yako, kwa kalamu ao kwa simu. Banki Kuu ya Congo inatoa bei ya dola kila siku ya kazi kwenye tovuti yake, Bank of Zambia nayo inatoa yake, wewe unachukua franga za dola moja unagawanya kwa kwacha za dola moja, basi. Katikati ya 2024 dola ilikuwa karibu franga 2,800 huku na karibu kwacha 26 kule, ukigawanya unapata franga 107 na kitu kwa kwacha moja. Lakini usikariri namba hiyo tafadhali. Angalia tu mwaka 2025: kwacha ilianza mwaka ikiwa karibu 28 kwa dola, ikapata nguvu mpaka chini ya 24, franga yetu ikabaki pale pale juu ya 2,800 mpaka mwezi wa 9, halafu ndani ya wiki chache nayo ikapata nguvu, dola ikashuka chini ya franga 2,500. Maana yake kwacha ilitoka franga 100 na kidogo ikapita 120, kisha ikarudi chini tena. Aliyejaza kwacha ndani ya nyumba mwezi wa 8 akisema hii inapanda tu, mwezi wa 10 alikuwa anaitazama vibaya. Ndiyo maana bei ya dola unaiangalia siku ile ile ya safari, ya wiki iliyopita haina kazi.

Na ukitumia intaneti kubadilisha, angalia herufi. Kwacha ya sasa inaandikwa ZMW. Ile ZMK ni kwacha ya zamani iliyokufa, na kurasa nyingine bado zinaibeba, ukiichagua jibu linakosea mara elfu moja. Franga yetu ni CDF, usiguse RWF, hiyo ni ya Rwanda, wala CHF, hiyo ni ya Uswisi na hapo ndiyo utajiona tajiri kweli.

Sasa kuna kitu watu hawakipigii hesabu kabisa, nacho ni kwamba bei ya banki kuu si bei yako. Kambisti, yule mwenye meza ya kubadilisha pesa, ana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na katikati ndipo anapokula. Ukifika mezani usiulize "dola bei gani", uliza hivi:

"Papa, dola unauza ngapi, unanunua ngapi?"

Atakupa mbili, na hapo hapo ameshajua kwamba wewe si mgeni. Tuseme mama ana franga 2,840,000, kambisti wa hapa anamuuzia dola kwa 2,840, anapata dola 1,000. Anavuka, wa kule ananunua dola zake kwa kwacha 25.5, anapata kwacha 25,500. Halafu mzigo aliofuata umekosekana, anarudi na kwacha zote. Anauziwa dola kwa 26.2, anapata dola 973 na kitu, akifika hapa wananunua kwa 2,780, mkononi inabaki franga 2,705,000 na kidogo. Hajanunua hata sabuni, na franga kama 134,000 zimekwisha, na hapo hatujahesabu busi na maji ya kunywa. Namba hizi ni za mfano tu lakini mtindo wenyewe ni huo, kila ukibadilisha kuna mtu anakata kipande, kwa hiyo badilisha mara chache na badilisha kile utakachotumia kweli.

Pale mpakani kuna pia vijana wanaobadilisha franga kwa kwacha moja kwa moja bila dola. Ni haraka, na kwa pesa ya chakula na taxi haina shida, ila kwa pesa ya mzigo mimi siwashauri, juu yule kijana ameshaweka humo ndani faida ya mara mbili, ya dola ya huku na ya dola ya kule, kisha anakupa namba moja safi inayoonekana nzuri. Ukiwa umegawanya nyumbani utaiona mara moja, usipogawanya utaishukuru.

Wageni wanashangaa kwa nini sisi watu wa Katanga, upande huu wa Lubumbashi, tunaishi na dola mfukoni wakati shaba ni ya kwetu. Kwa kweli hapa kwetu pesa ya kwanza ilikuwa shaba yenyewe. Ile misalaba ya shaba iliyokuwa inayeyushwa na kumwagwa kwenye umbo imechimbuliwa kwenye makaburi ya zamani ya Sanga, upande wa ziwa Kisale, na imechimbuliwa vilevile Ing'ombe Ilede, kule Zambia karibu na mto Zambezi. Yaani karne nyingi kabla ya Kasumbalesa kuwa mpaka, watu wa pande hizi mbili walikuwa na kitu kimoja cha kununulia na cha kutolea mahari, na hakuna aliyekuwa anagawanya kwa dola. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alipoitenga na Congo mwaka 1960 aliweka misalaba mitatu kwenye bendera, na sarafu zake za 1961 zilikuwa na msalaba upande mmoja na ndizi upande mwingine. Pesa yake iliisha pamoja na serikali yake mwaka 1963.

Kisha zikaja pesa mbili zilizozaliwa karibu wakati mmoja. Mwezi wa 6 mwaka 1967 rais wetu Mobutu alitoa pesa mpya iliyoitwa zaire, moja kwa franga 1,000 za zamani, na zaire moja ilikuwa dola 2. Mwezi wa 1 mwaka 1968 Zambia ikaacha pauni ikaleta kwacha, kwacha 2 kwa pauni 1, na kwacha moja ilikuwa dola 1.40. Soma tena hapo. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Ndola wote walikuwa na pesa yenye nguvu kupita dola, na zote mbili zilikuwa zimeegemea shaba, hapa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, kule migodi ya Kopabeti, ukanda wa shaba wa Zambia, ambayo rais wao Kaunda naye alitangaza mwaka 1969 kwamba serikali inachukua asilimia 51. Bei ya shaba ilipanda sana mwanzo wa 1974 halafu ikaanguka, na nchi zote mbili zikaanza kukopa zikisubiri irudi. Haikurudi haraka.

Hapo njia zikaachana. Kwacha ilichakaa polepole, miaka mingi, mpaka 2012 noti yao kubwa ilikuwa ya 50,000, na tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2013 wakakata sifuri tatu, 50,000 ikawa 50. Ya kwetu haikuwa polepole. Mwisho wa mwaka 1979, siku ya Noeli, walitangaza noti za zaire 5 na za 10 hazina kazi tena, mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku chache na kiasi chenye kikomo cha kubadilisha, na waliokuwa wanaweka pesa nyumbani, ndiyo wengi, walipoteza. Mwezi wa 1 mwaka 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Mobutu, akasema noti hizo si halali, wafanyabiashara wakazikataa, askari wakapora Kinshasa. Mwisho wa mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, watu wa jimbo la Kasai wakaikataa kabisa wakaendelea na noti za zamani. Na tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998 ikaja franga hii tuliyo nayo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Ukizidisha zote, franga moja ya 1998 ilichukua nafasi ya zaire bilioni 300 za Mobutu za mwanzo, zile ambazo kila moja ilikuwa dola 2. Mama wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anapokuambia bei ya gunia kwa dola si kwamba anajidai, anakumbuka ao alisimuliwa na mama yake.

Historia hiyo ndiyo inaeleza pia ukali wetu juu ya noti. Mwangalie kambisti akipokea dola 100. Namba haisomi kwanza. Anapitisha ukucha kwenye koti ya Franklin, yule mzee wa kwenye noti, asikie ile mikwaruzo, anainua juani atafute sura iliyofichwa, halafu anakagua pembe zote nne, moja moja, akitafuta mpasuko. Mpasuko wa milimita mbili, noti inarudi kwako, hakuna maneno. Muhuri wa wino, inarudi. Noti za zamani zenye sura ndogo, atazikataa ao atakata kitu. Noti ya dola 1, wengi hawaitaki hata ikiwa mpya. Wakati huo huo franga 500 iliyochakaa mpaka picha haionekani anaipokea bila kuitazama. Kwa hiyo unaponunua dola za safari, zikague pale pale mezani kwa ukali ule ule, ukishaondoka hatakukumbuka.

Upande wa kwacha kuna jambo moja jipya la kushika vizuri. Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2025 Bank of Zambia ilitoa noti na sarafu mpya, wakaongeza noti ya 200 na ya 500 ambazo hazikuwepo, na kwacha 2 na kwacha 5 zikawa sarafu. Zile noti za 2013 walizipa mwaka mmoja tu wa kutembea pamoja na mpya, mpaka 31 mwezi wa 3 mwaka 2026. Kama una kwacha za safari ya zamani kwenye droo, zitoe uziangalie kabla ya kuzihesabu kama pesa, na mpakani usikubali kurudishiwa noti ambayo huijui sura. Ingia kwanza kwenye tovuti ya banki yao uone picha za noti mpya. Ile ya 50,000 yenye sifuri nyingi ni ya ukumbusho tu, akikupa mtu cheka umrudishie.

Usitegemee pia kulipa kwa dola kule kama unavyolipa hapa. Zambia sheria ya kulipana kwa pesa ya nje ndani ya nchi imebadilika zaidi ya mara moja tangu 2012, na mazoea ya kwacha yameshakaa tangu zamani. Muuzaji wa soko la Chisokone pale Kitwe anataka kwacha. Ukiwa na pesa nyingi, badilisha kwenye banki ao byuro ya kubadilisha pesa yenye leseni Chililabombwe, Chingola ao Kitwe, chukua risiti, na fika mapema siku ya kazi, juu mwisho wa wiki wenye meza za barabarani wanajua huna pengine pa kwenda na bei inaongea hivyo.

Kuhusu kiasi: Congo mstari uko kwenye dola 10,000 taslimu, lakini Zambia ukibeba zaidi ya dola 5,000 ni lazima utangaze. Wengi wanajua ile ya kwetu tu, wanavuka na 7,000 wametulia, kumbe kule walitakiwa kuandika. Kuandika hakulipwi.

Pesa ya simu, usijidanganye. Airtel iko nchi zote mbili lakini mfuko wako wa hapa, wa franga ao wa dola, si mfuko wa kwacha. Muulize wakala kabla ya safari kama namba yako inaweza kutuma kule, kwa makato gani na kwa bei gani ya dola, na hiyo bei ya dola ndiyo ya kuulizia zaidi, juu makato wanayataja lakini bei wanainyamazia.

Halafu weka akiba ya kwacha ya kulala siku mbili, mbali na pesa ya mzigo. Mwezi wa 8 mwaka 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa mara moja, juu ya mgogoro wa bia na vinywaji vyao ambavyo Congo ilizuia visiingie, na zilipita siku kadhaa kabla hawajafungua. Waliokuwa wameshamaliza kwacha zao zote kwenye mzigo walikula kwa deni. Wakati kama huo kambisti naye anajua, bei ya asubuhi si ya jioni.

Kwacha zikibaki ukirudi, noti ndogo zitunze kwa ajili ya taxi ya safari ijayo, kubwa uziuze kabla hujapanda busi, na afadhali kwa msafiri mwenzako anayeingia Zambia kuliko mezani. Yeye anataka kwacha, wewe unataka franga, mnagawanya kwa simu mbele ya wote wawili mnachukua bei ya katikati, na siku hiyo hakuna anayekatwa.