Kupanga Safari ya Gari na Watoto Katika Nchi za Tropiki: Hesabu Saa Kabla ya Kilomita

Mzazi anayekaa na ramani kupanga safari ndefu ya gari hukimbilia kuhesabu kilomita, akaona kwamba mji huu hadi ule ni kilomita 240 na kwamba familia itafika bila shida. Katika nchi za tropiki, na hasa watoto wakiwemo garini, hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu kinachobana safari ni saa za mwanga. Karibu na ikweta mchana huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima, na jua likishazama giza huingia upesi. Saa moja uliyochelewa asubuhi utakuja kuilipa gizani, kwenye barabara ambayo huenda haina taa, ambako watu wanatembea pembeni, mifugo inavuka na malori mabovu yameachwa bila alama yoyote. Kwa hiyo ninashikilia kanuni moja ambayo siko tayari kuilegeza: gari liwe limefika mahali pa kulala angalau saa mbili kabla ya jua kuzama.

Tuzichukue kilomita hizo 240. Kwenye lami inayokatiza vijiji na yenye matuta, ni busara kukadiria mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, na kwenye changarawe kilomita 30, hata kama vibao vinaruhusu zaidi. Ikiwa njia yote ni lami, utaendesha karibu saa tano. Mtoto anahitaji kushuka, kukimbia na kwenda haja kila baada ya saa mbili hivi, basi ongeza mapumziko mawili ya nusu saa. Ukiondoka saa 12 asubuhi utafika saa 6 mchana, huku ukibakiwa na saa nyingi za akiba kwa ajili ya pancha, mvua au mtoto aliyetapika. Ukiondoka saa 4 asubuhi kwa kuwa mizigo ilifungwa asubuhi hiyohiyo, utafika saa 10 jioni, ukingoni kabisa mwa kanuni yetu, na pancha moja itakutupa nje yake. Mizigo ifungwe usiku. Kwa maoni yangu, saa sita kwa siku, mapumziko yakiwemo, ndicho kiwango cha juu kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, na baada ya siku mbili za mwendo iwepo siku moja ya kutulia mahali pamoja.

Katika msimu wa mvua, asubuhi ina faida nyingine. Sehemu nyingi za tropiki hupata mvua kubwa alasiri, baada ya ardhi kupata joto na hewa yenye unyevu kupanda juu. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, usivuke: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo, na yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kuyasomba magari mengi, hata yale yaliyoinuka juu. Isitoshe, huwezi kujua kama lami iliyo chini yake bado ipo. Waulize madereva wanaotoka upande unakoelekea wametumia saa ngapi na wamekuta nini njiani, maana jibu lao ni jipya kuliko ramani yoyote.

Joto ndilo jambo ambalo wazazi wengi hulichukulia kwa wepesi, nami naomba lipewe uzito wote. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima. Usimwache mtoto garini hata kwa muda wa kulipia mafuta, shuka naye. Kabla ya kumfunga mkanda, gusa vyuma vyake kwanza, kwa kuwa vilivyokaa juani huunguza. Watoto wakubwa wapewe maji kidogo kidogo bila kusubiri waseme wana kiu. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji hata kwenye joto kali. Anahitaji kunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Hilo lifanyike gari likiwa limesimama, kwa sababu gari likigonga hakuna mikono inayoweza kumshikilia mtoto aliyepakatwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kiti cha mtoto si kitu cha kuacha nyumbani. Mtoto mchanga akae nyuma, uso wake ukielekea nyuma ya gari, na kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Kama utakodi gari, omba mapema picha ya kiti watakachokupa. Wasipoituma, beba chako.

Daktari aonwe wiki nne hadi sita kabla ya safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Baadhi ya dawa za kukinga malaria huanzwa wiki mbili au tatu kabla, nyingine siku moja au mbili tu, na kipimo cha mtoto hufuata uzito wake. Mbu wa malaria huuma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, na hapo zile saa mbili za mwanga zinafaa tena: utatundika chandarua na kukikagua kama kina matundu ukiwa bado unaona. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huuma mchana, hivyo nguo za mikono mirefu zivaliwe hata wakati wa kupumzika njiani. Beba pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikiisha, koroga vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Mtoto akipata homa safarini au wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyohiyo, na daktari aambiwe mlikopita.

Gari lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, ili kitakachokutwa kibovu kipate muda wa kutengenezwa na kujaribiwa. Tairi la akiba, jeki, wipa na rejeta visisahaulike.

Mtoto anayechafukwa na moyo garini aangalie mbali mbele, asisome wala kushika simu.

Mwisho, kabla hamjaondoka, amueni ni kituo gani kitakachofutwa endapo siku moja itapotea, kisha kiandikeni kwenye ratiba na watoto wakubwa waelezwe. Uamuzi huo ukiwa umeshafanywa nyumbani, hakuna atakayekushawishi saa 11 jioni kwamba zimebaki kilomita 80 tu.