Mpe kiwanda hesabu yako ya mbele kabla hujaanza kukaba bei

Kwa nyie mnaotengeneza makabati ya mahoteli ya Nungwi na Paje na bodi mnaagiza wenyewe kiwandani: kila miezi mitatu muandikie yule mtu wa mauzo mzigo unaoutarajia, rangi gani, unene gani, mabodi mangapi ya milimita 18, na uyatenganishe, haya ya uhakika nalipia, haya bado namsubiri mteja. Bodi za melamini, yaani zile za mbao ya kusagwa zilizobandikwa juu ngozi ya rangi, zinatoka kwa bechi, yaani mkupuo mmoja mmoja wa kiwandani, na rangi ya bechi moja na nyengine haziwi sawasawa, unakuja kuona ushafunga milango, mmoja mweupe, wa pili una umanjano kama chai ya maziwa, sasa kiwanda kikijua mapema kinaweza kukuwekea zote za bechi moja na mkanda wake wa ukingoni, na mzigo ukafika bandarini Malindi bila ya kukimbizana. Hapo hapo ulizia na zile zinazohimili unyevu, maana bodi ya kawaida ikishanywa maji ikavimba ndo basi tena, na masika yetu mnayajua. Bei mtazungumza baadae, wakishakuzoea wanalegea. Hesabu hii haifai kitu kama unanunua kwa dalali, yeye bechi hana uwezo wa kukushikia. Na usiandike mabodi mengi ili uonekane mkubwa halafu ukachukua nusu, mara ya pili hawaisomi hata hiyo karatasi. Hoteli ikibadilisha rangi waambie siku hiyo hiyo, usingoje mpaka kontena lishapakiwa.